Nuru Isiyojiona

Masomo: Mathayo 5:14–16; Mathayo 6:1–4; Mathayo 25:37–40



Mvua za kwanza zikiisha kunyesha hapa Mpwapwa, kila nyumba hushika jembe. Udongo uliokuwa mgumu kama tofali hulainika, na mkulima huinama tangu alfajiri apate kupanda mtama na uwele kabla jua halijaunyonya tena unyevu. Jembe likigeuza bonge la udongo, mara huonekana kiumbe chembamba, kirefu, chenye rangi ya manjano au hudhurungi, kikijikunja na kujikunjua kati ya mizizi. Mtoto hupiga kelele, “Tandu!” Na mkubwa, pasipo kutazama mara ya pili, hukikata kwa jembe na kuendelea na kazi yake.

Mwezi huu nataka tusimame kidogo juu ya bonge hilo la udongo. Mfalme Sulemani alimtuma mtu mvivu kwenda kujifunza kwa chungu. Na Ayubu aliwaambia rafiki zake kwamba hata wanyama na nchi yenyewe wanaweza kuwafundisha. Kwa hiyo si aibu kwa Mkristo kumwuliza mdudu habari za Muumba wake. Tena naomba mwinjilisti atakayesoma maneno haya mbele ya watu asiwape ruhusa ya kucheka na kupita, maana mwisho wa jambo hili si tandu, bali ni sisi.

Kwanza tumtambue. Tandu tunayemwogopa sana ni yule mkubwa, mwenye kichwa chekundu, ajifichaye chini ya mawe na magogo, ambaye akiuma mtu maumivu yake husahauliwa kwa shida. Huyu wa udongo ni ndugu yake, lakini si yeye. Ni mwembamba kama uzi wa kushonea magunia, na hana macho hata moja. Hupapasa njia kwa vipapasio vya kichwani, naye hupenya udongo kwa kujinyosha na kujifupisha kama afanyavyo nyungunyungu. Chini ya kichwa anayo makucha mawili yenye sumu, nayo ni miguu ya kwanza iliyogeuzwa kuwa silaha. Kwayo hukamata nyungunyungu na funza wadogo. Miguu yake mingine ni mingi. Katika jamii hii ya tandu wako wenye jozi 27, wako na wenye jozi 191; walakini hesabu ya jozi zake daima ni witiri, wala si shufwa. Wazungu wengi humwita kwa jina la miguu mia, kumbe miguu mia kamili hana, maana mia ni jozi hamsini, na hamsini ni shufwa. Basi hata jina alilopewa na wenye elimu halikumpata sawasawa.

Mama wa tandu huyu hutaga mayai yake katika kishimo cha udongo, kisha hujizungusha kuyazunguka, akayalinda mpaka watoto watoke. Nao wakitoka, hutoka na miguu yao yote kwa hesabu yake, wala hawangoji kuongezewa baadaye. Lakini mama huyu huyu akifukuliwa na kusumbuliwa, pengine huyaacha mayai yake, na pengine huyala. Naliweka jambo hili mbele yenu makusudi, ili tusimfanye mdudu kuwa mtakatifu. Viumbe ni kitabu cha Mungu, lakini si kila mstari wake umeandikwa ili tuuige. Tunahitaji Neno, ndilo litufundishe jinsi ya kukisoma.

Jambo moja zaidi la mwili wake. Ngozi yake haina nta ya kuzuia maji yasitoke, kama ilivyo kwa wadudu wengi wa juani. Mweke juu ya mchanga wa moto saa sita ya mchana, atakauka na kufa upesi. Kwa sababu hiyo hukaa penye kivuli, penye majani yaliyooza, penye udongo ulioshika maji. Na kiangazi kikija hushuka chini zaidi. Wazee wa Mpwapwa wanajua udongo wa namna hiyo ulivyo haba. Katika miaka ya 1930 palikuwa na mtaalamu mmoja hapa Mpwapwa, jina lake Staples, aliyepima maji ya mvua juu ya viwanja vilivyowekwa tayari kwa kazi hiyo. Katika kiwanja kilichoachwa kitupu, karibu nusu ya mvua ilikimbia juu ya ardhi ikachukua udongo pamoja nayo. Katika kiwanja chenye kichaka kisicholishwa mifugo, hata sehemu moja kwa mia haikukimbia. Yote ilinywewa na ardhi. Basi achomaye moto mlima asiueleze kuwa umesafika. Ameondoa kifuniko, na chini ya kifuniko hicho Mungu alikuwa ameweka watu wake wadogo wengi, wenye kazi zao. Nchi ni mali ya Bwana, na sisi ni mawakili tu. Naye wakili ataulizwa hesabu.

Sasa nawaleteeni habari iliyonifanya niandike. Katika tandu wa udongo uko ukoo mmoja mdogo, wenye aina chache tu, ambao wajuzi huuita Orphnaeus. Meinert, mtu wa Denmark, ndiye aliyeupa jina hilo mwaka 1870. Nalo latoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya giza. Baadhi ya aina zake hukaa katika nchi za joto karibu na bahari na visiwani. Lakini moja ilipatikana kwetu Tanzania, katika mlima Meru. Kati ya mwaka 1905 na 1906 wajuzi wa Uswidi, wakiongozwa na Sjöstedt, walizunguka Kilimanjaro na Meru wakikusanya viumbe. Na mwaka 1909 Attems, mjuzi wa Austria, aliyechunguza tandu na majongoo wao, aliandika habari za aina hiyo na kuiita kwa jina la mlima Meru.

Ajabu ya ukoo huu ni hii: aina yake iliyoenea zaidi ina nuru. Usiku, tandu huyu akiguswa au akishambuliwa, tezi zilizo chini ya tumbo lake hutoa ute wenye kunata, na ute huo huwaka kwa nuru ya kijani, kama kimulimuli aliyepondwa. Aitwaye kwa jina la giza ndiye mwenye taa! Lakini kumbukeni nililosema juu ya macho yake. Hana. Nuru hiyo wataiona chungu, ataiona chura, ataiona mtu apitaye na kuogopa. Yeye mwenyewe haioni kamwe.

Ndugu, kabla sijasema ninayotaka kusema juu ya jambo hilo, sikilizeni kosa la mtu mkubwa. Linnaeus, Mswidi, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, ndiye aliyewafundisha wenye elimu kuwapa viumbe majina mawili mawili. Katika kitabu chake cha mwaka 1758 alimwandika tandu mmoja mwenye nuru, ambaye wajuzi wa baadaye walimhesabu kuwa wa ukoo huu wa Orphnaeus. Habari zake alipewa na nahodha Ekeberg. Naye Linnaeus akaandika kwamba tandu huyo alianguka kutoka hewani, akatua juu ya merikebu katika Bahari ya Hindi, mbali sana na nchi kavu. Tandu hana mabawa. Makao yake ni udongo. Yumkini alipandia pwani pamoja na shehena au kuni, akakaa chini gizani asijulikane, hata usiku mmoja alipoonekana akiwaka. Watu wakatazama juu, wakasema, “Ametoka mbinguni.” Kumbe alikuwa chini ya miguu yao tangu walipong'oa nanga.

Je, hili si kosa letu pia? Sisi nasi tukiona nuru twadhani ni lazima iwe imeanguka kutoka juu kwa kishindo. Twangoja mhubiri mashuhuri kutoka mbali, mkutano mkubwa, ndoto, ishara, uponyaji wa kusimuliwa mikoani. Wala hatuutazami udongo. Lakini Mungu wetu, alipotaka kuangaza ulimwengu, alilazwa horini. Na saa ya utukufu wake ilikuwa saa aliyotundikwa mtini kati ya waovu wawili. Mwaka 1518, huko Heidelberg, Daktari Martin Luther aliwafundisha ndugu zake jambo hili: atafutaye Mungu katika fahari atapotea, maana Mungu amependa kujulikana katika mateso na msalaba. Hayo ndiyo mafundisho ya Kanisa letu. Walakini ni rahisi kuyakariri kuliko kuyaamini siku ya njaa.

Mimi mwenyewe naliyakariri nisiyaamini. Niliwekwa kuwa mwinjilisti katika kijiji kimoja chini ya milima ya Kiboriani. Miaka miwili mfululizo mvua zilikuwa chache. Katika darasa langu la ubatizo hapakuwa na mtu mzima hata mmoja, na kila robo ya mwaka nalipaswa kuandika hesabu, na kila mara naliandika sufuri. Katika kijiji hicho alikuwako bibi mmoja mzee, ambaye ugonjwa wa vikope ulikuwa umempofusha zamani. Nyumba yake ilikuwa mbali, karibu na njia ya ng'ombe waendao kisimani. Nami nawakirieni: katika orodha ya watu wa kutembelewa, jina lake naliliona kuwa mzigo. Nilikwenda kwake upesi, nikasali upesi, nikarudi.

Mwaka wa pili ng'ombe wa mfugaji mmoja waliingia usiku katika shamba la bibi huyo, wakala mtama wake karibu wote. Mfugaji alikuwa mtu mkali, mnywaji, asiyependa kanisa. Watu wakamwambia bibi, “Mshitaki barazani, utalipwa ng'ombe.” Hakwenda. Nami katika moyo wangu nalisema kwamba ni uzee tu, hana nguvu za kushitaki. Wakati huo huo naliandika barua kwa wakubwa wangu kuomba nihamishwe, nikaeleza kwamba mahali hapa pamekauka, mvua hamna na Roho hamna.

Barua ilikuwa imekwisha kwenda, ndipo mfugaji yule alipokuja mlangoni pangu jioni moja. Nalidhani amekuja kwa ugomvi. Akasema, “Mwalimu, nataka kusoma habari za ubatizo.” Nikamwuliza ni nani aliyemshawishi. Akajibu, “Tangu ng'ombe wangu walipokula mtama wa bibi kipofu, nilingoja kuitwa barazani, sikuitwa. Kila jioni nikipitisha ng'ombe nyuma ya ua wake, nilimsikia akiomba. Anataja nyumba za kijiji moja moja. Siku moja nikasikia akitaja nyumba yangu. Nikasimama nisikie atanilaani vipi. Akamwomba Mungu awape maji ng'ombe wangu.” Hapo mtu yule mkali alinyamaza, akatazama chini.

Kesho yake nalikwenda kwa bibi, na safari hii sikwenda upesi. “Mbukwa, bibi.” “Mbukwa, mwalimu.” Nikampa habari yote. Alikaa kimya kitambo, kisha akacheka kidogo kama mtu aliyeona haya. Akasema, “Mimi, mwanangu? Mimi nalikuwa nikisali tu, nisije nikalala kabla wajukuu hawajarudi kutoka kisimani. Sikujua kama kuna mtu nyuma ya ua.”

Sikujua. Neno hilo lilinipiga moyoni kuliko hotuba zote nilizopata kuzisikia. Nalikumbuka ile siku ya mwisho ambayo Bwana alitutabiria, watakapokusanywa mataifa yote mbele zake. Mfalme atawaambia wenye haki kwamba walimlisha na kumnywesha na kumvika, nao watashangaa na kumwuliza ni lini walipomwona. Hawatakuwa na orodha mikononi. Walifanya kazi ya nuru, wala hawakujua kwamba wanawaka.

Yamkini mwinjilisti mwenye fikira ataniuliza, “Je, Bwana hakusema kwamba nuru yetu iangaze mbele ya watu, wayaone matendo yetu? Na sura inayofuata akatukataza tusifanye wema wetu mbele ya watu ili tutazamwe. Tufuate lipi?” Ndugu yangu, tufuate yote mawili, wala hayapingani. Tazama swali lenyewe: ni nani anayetazama? Watu na waione nuru. Kwa hiyo isifunikwe. Lakini mwenye taa asigeuke kujitazama anavyong'aa. Na watu wakiisha kuiona, wampe utukufu Baba aliye mbinguni, si taa. Mnafiki hapungukiwi na matendo. Macho yake ndiyo yaliyogeukia ndani. Hutoa sadaka kwa mkono mmoja, na kwa jicho moja hutazama kama karani ameliandika jina lake. Basi tandu wa udongo, asiye na macho ya kujitazama, amhukumu huyo mnafiki, na mimi pia pamoja naye.

Tena angalieni wakati ambao nuru hutokea. Tandu akitembea kwa amani haonyeshi kitu. Aguswapo na kuumizwa ndipo huwaka. Bibi yule alikuwa akisali miaka mingi, hakuna aliyesikia. Mtama ulipokwisha kuliwa, ndipo sala yake ikamwangazia mtu. Usiseme basi, “Mungu ameniacha, maana nimeonewa.” Pengine ndiyo saa aliyoiweka. Lakini hapa pia tumpite mdudu, tusiishie kwake. Yeye huwaka ili adui amwache. Nuru yake ni ngao ya kujiokoa. Nuru ya Kristo haimfukuzi adui, bali humvuta aje. Asiyejua tofauti hiyo aweza kuitwa Mkristo mwenye bidii na bado akawa tandu tu.

Meru, ambako tandu yule wa 1909 alipatikana, udongo wake una habari nyingine ambayo Walutheri hatupaswi kuisahau. Mwezi wa Oktoba mwaka 1896, mahali paitwapo Akeri, waliuawa Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisheni vijana wa Leipzig, na pamoja nao Wachaga waliofuatana nao. Baadaye jeshi la Wajerumani lilikuja kulipiza kisasi kwa ukali mwingi, na hilo halikuwa jambo la Injili. Lakini mwaka 1902 Leipzig ilirudi kuweka kituo Nkoaranga, na leo Meru ni dayosisi nzima ya Kanisa letu. Wale wawili waliozikwa hawakuona hata ubatizo mmoja wa Mmeru. Wala Wachaga wale waliokufa kando yao hawakuona, ambao hata majina yao hatuyasomi kanisani. Mbegu iliyoangushwa udongoni haihudhurii mavuno. Bwana wa mavuno ndiye ahudhuriaye.

Mtaniuliza mwisho wa barua yangu ulikuwa nini. Ilijibiwa. Nalihamishwa kabla ya Pasaka, kama nilivyoomba, na mfugaji yule alibatizwa na mwingine baada yangu. Katika kitabu cha usharika limeandikwa jina la mwinjilisti aliyenifuata, na ni haki yake. Zamani ningeona uchungu. Sasa namshukuru Mungu, kwa maana kama ningaliandikwa mimi, ningalidhani kwamba nuru ilikuwa yangu. Nayo haikuwa yangu; ilikuwa nyuma ya ua, katika kinywa cha bibi niliyempita upesi.

Basi, ndugu mwinjilisti unayeandika sufuri robo hii, iandike kwa uaminifu, wala usiongeze. Kisha nenda ukamtembelee yule uliyemwacha mwisho wa orodha. Mzee wa kanisa, ukisoma majina ya watoao mbele ya watu, mkumbuke mjane ambaye senti zake mbili Bwana peke yake ndiye aliyezihesabu. Mama unayelea wajukuu usiku, usidhani sala yako ni ndogo kwa kuwa imechanganyika na usingizi. Na wewe uliyeonewa shambani mwako, kabla hujakwenda barazani, litaje jina la adui yako mbele za Mungu, pamoja na ng'ombe zake. Baraza ni halali, na haki ni ya Mungu. Lakini sala na itangulie.

Na mvua zikija, jembe lako likimfukua tandu mwembamba wa udongo, mwache arudi gizani kwake akafanye kazi yake. Mfunike kwa udongo, ukumbuke kwamba naye aliumbwa na mkono ule ule uliokuumba wewe.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uonaye sirini, utuondolee macho ya kujitazama, utupe macho ya kumwona ndugu. Ulinde udongo wa nchi yetu, na wadogo wote uliowaficha ndani yake. Uwape mvua Mpwapwa na Ugogo wote. Wakumbuke watumishi wako waliochoka, na wote wanaong'aa pasipo kujua. Na siku ile utakapofunua yaliyofichika, utukute tukishangaa neema yako, kwa Yesu Kristo, Nuru ya ulimwengu, Bwana wetu. Amina.